Neno Linaloficha Mshahara: Mbinu za Kutumia Saikolojia na Fasihi Kupambana na Dhuluma Mtaani

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Mlima Meru ikiwa imeteremka hadi Kijenge na kila mtu amejitanda kitenge, tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya saluni ya kusuka, mlango umerudishwa nusu. Mama mwenye saluni alikuwa akisimulia habari za kwake. "Yule dada wangu wa kazi simhesabu kama mfanyakazi," alisema. "Anakula tunachokula. Ni mtoto wangu kabisa."

Msusi mmoja, binti wa miaka ishirini hivi, aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akikisuka: "Samahani, mama. Na wale wa kuwazaa, nao wanalala saa sita wanaamka saa kumi?"

Hakuna aliyejibu. Mashine ya kukaushia nywele ndiyo pekee iliyoendelea kusema.

Swali lile halikumtukana mtu. Lilishika neno moja, "mtoto", likaligeuza tuone upande wake wa pili. Hiyo ni kazi ya mhakiki wa fasihi. Ukimya uliofuata, mama wa watu akitafuta pa kuweka uso, ni uwanja wa mwanasaikolojia. Taaluma hizi mbili tumezoea kuziacha vyuoni, lakini mtaani zina kazi kubwa, na huhitaji shahada kuzitumia. Unahitaji watu wachache, kisa kimoja, na saa moja na nusu kwa wiki. Hapa chini naeleza namna kikundi chetu cha pale saluni kinavyofanya, kwa kutumia mfano wa wasichana wa kazi za ndani. Wewe unaweza kuuweka mahali pake mjane aliyenyang'anywa shamba, au mama aliyenaswa na mikopo ya kausha damu.

Somo lilikuwa jirani tu

Si mbali na Kijenge, hapahapa Arusha, lipo jengo la mikutano la AICC. Humo ndimo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimofanyia kazi hadi ilipofungwa mwaka 2015. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na shtaka la ubakaji. Wanawake waliokuja kutoa ushahidi wa mambo mengine waliulizwa zaidi na majaji, akiwemo Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee kati ya majaji watatu. Ndipo yaliyofichwa yakatoka. Hati ikarekebishwa Juni 1997.

Likabaki suala la lugha. Mashahidi walitumia maneno kadhaa ya Kinyarwanda, mengine ya staha tu, ya kusema mtu "amelala na" mwingine. Mahakama ililazimika kuyapima maneno hayo na kutazama yalisemwa katika hali gani, ndipo ikajua kinachosemwa ni ubakaji. Hukumu ilitoka Septemba 2, 1998, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Kesi ile inatufundisha mambo mawili. Aliyedhulumiwa mara nyingi husema kwa maneno ya staha, na asiyejua kusoma maneno hupitwa. Tena, haki inaweza kusubiri mpaka mtu mmoja aulize swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Shika hayo mawili, kisha fuata hatua hizi.

1. Chagua dhuluma moja yenye mlango na anwani

Usiitishe watu kuja kuzungumzia "umaskini" au "ukandamizaji". Watakubaliana na kila kitu, warudi nyumbani. Chagua jambo ambalo mtu anaweza kulionyesha kwa kidole: msichana wa kazi hajalipwa miezi mitatu, mjane kaambiwa na shemeji zake aondoke, mkopeshaji kabeba godoro na jiko la gesi. Andika jambo hilo kwa sentensi moja. Likikataa kuingia kwenye sentensi moja, bado ni kubwa mno kwa kikundi chako.

2. Leta kisa, acha hotuba

Mtu akihubiriwa hujenga ukuta. Akisimuliwa kisa, huingia mwenyewe kwenye viatu vya mhusika kabla hajakumbuka kujitetea.

Tanzania tuliliona hili redioni. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Humo alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori mlevi na mpenda wanawake, na mkewe Tunu, ambaye polepole alijifunza kusimama kwa miguu yake. Kwa makusudi ya utafiti, Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995. Kwingine, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma. Mchezo ulipofika Dodoma, nako yakapanda.

Rwanda ilianza mchezo wake wa Musekeweya mwaka 2004, kuhusu uhasama na upatanisho wa vijiji viwili. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichapisha matokeo yake mwaka 2009, na yana fundisho kwa kila mwenye kikundi. Mchezo haukubadilisha sana imani za mtu moyoni. Ulichobadilisha ni namna watu walivyowaona wenzao, yaani walivyodhani jirani anakubali au anakataa nini. Waliousikiliza wakawa wepesi zaidi kutoa kauli inayopingana na ya wengine. Na walikuwa wakiusikiliza kwa vikundi.

Kwa hiyo someni pamoja, kwa sauti, wote wakisikia nani kacheka na nani kaguna. Kitabu ulichokisoma peke yako chumbani kinaweza kukubadilisha wewe. Kinachosomwa saluni kinawaonyesha watu kumi kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiliafiki jambo lile, ila kila mmoja alidhani wenzake wanaliafiki.

Si lazima kitabu kiwe kipya au kinene. Kurasa tatu zinatosha. Sisi tulianza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971 iliyowahi kuzuiwa mashuleni. Inahusu binti wa Ukerewe, baba yake Zakaria mlevi, na kipigo alichokipata kwa sababu ya barua ya mvulana.

3. Soma polepole, kwa maswali manne

Hapa ndipo fasihi inapofanya kazi yake. Baada ya kusoma, chukueni sentensi mbili tatu, za kitabuni au za mtaani, mziulize hivi:

*Nani anasema, na nani anasemewa?* Katika habari nyingi za msichana wa kazi, anayesimulia ni mwenye nyumba. Kikundi kijaribu kusimulia habari ileile upya, safari hii msimulizi akiwa msichana mwenyewe, saa kumi alfajiri, akiwasha jiko.

*Nani hana jina?* Mwenye nyumba ana jina, watoto wana majina, hata mbwa ana jina. Yeye ni "dada", "hausigeli", au kwa mzaha wa mjini, "beki tatu". Kila jina lina kazi yake. "Beki tatu" linamcheka. "Dada" ni tamu, na kwa utamu wake linafunika zaidi, kwa sababu ndugu halipwi mshahara, husaidiwa.

*Mtendaji yuko wapi?* Kiswahili chetu kina viambishi vyepesi vya kumficha mtu. "Mshahara haujalipwa." Na nani? "Mshahara umechelewa." Utadhani mshahara una miguu, umekwama kwenye foleni Sanawari. "Pesa zimepotea, dada kafukuzwa." Chukua kalamu, irudishe kila sentensi kwenye kauli ya kutenda: "Mama mwenye nyumba hajamlipa msichana mshahara wa miezi mitatu." Isomeni kwa sauti. Mtasikia chumba kikibadilika.

*Maneno haya yanamsaidia nani?* Jaribuni kwa methali. "Mvumilivu hula mbivu": inapendeza anapoisema mvumilivu mwenyewe, lakini iweke mdomoni mwa mdaiwa uone. Au ile tunayoipenda kuliko zote tukizungumzia haki: "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Mwalimu mmoja mstaafu katika kikundi chetu aliisoma mara tatu, kisha akauliza, "Kwani ni lazima tumnyonge kwanza?" Tulibishana nusu saa. Wapo waliosema methali inadai haki hata kwa tusiyempenda. Wapo waliosema imekwisha kuruhusu roho itolewe. Wote walikuwa na hoja, na hakuna aliyetoka akiitumia methali ile kizembe tena.

4. Jiandae kwa "alijitakia"

Tulipomaliza kurasa za Rosa Mistika, kauli ya kwanza haikuwa juu ya Zakaria. Ilikuwa, "Na yeye Rosa alijitakia." Usimkemee anayesema hivyo. Si mtu mbaya, akili yake inajikinga.

Mwaka 1966, nchini Marekani, Melvin Lerner na Carolyn Simmons waliwaonyesha wanafunzi mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti za umeme kila anapokosea jibu. Yalikuwa maigizo, ila watazamaji hawakujua. Wale ambao hawakuwa na la kufanya zaidi ya kutazama waliishia kumshusha thamani yule mwanamke. Wale waliopewa nafasi ya kumwondoa kwenye mateso hawakumshusha kiasi hicho. Lerner alieleza kwamba tunataka sana kuamini dunia inamlipa kila mtu anachostahili. Tukishindwa kumsaidia anayeumia, njia rahisi ya kuilinda imani hiyo ni kusema anastahili.

Kwa mwenye kikundi, hili ndilo jambo la kukumbuka kuliko yote: mtu asiyekuwa na la kufanya humlaumu aliyeumia. Kwa hiyo "alijitakia" ikitokea, usibishane juu ya tabia ya mhusika. Uliza, "Siku ile, ni nani angeweza kufanya nini?" Jirani? Mwalimu? Mjumbe wa nyumba kumi? Andika majibu ukutani. Lawama hupungua kadiri orodha ya la kufanya inavyorefuka. Na kikundi kinachosoma visa vya huzuni kila wiki bila kufanya lolote kitaishia kuwafundisha watu kudharau wanyonge. Afadhali kisingeanzishwa.

5. Igizeni, msimamishe, mrudie

Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996. Wasichana wa sekondari walitaja wenyewe matatizo yao, wakayageuza maigizo, wakayacheza mbele ya walimu na wenzao. Kwingineko Mbrazili Augusto Boal alikuwa na mtindo wa kumruhusu mtazamaji aseme "simama", aingie jukwaani na kumwonyesha mhusika njia nyingine.

Saluni yaweza kuwa jukwaa. Mmoja awe mwenye nyumba, mmoja msichana. Msichana ana sentensi moja tu ya kusema: "Shikamoo mama. Naomba tuzungumze mshahara wangu wa miezi mitatu." Mwenye nyumba ajibu kama wanavyojibu kweli: "Kwani hukuona ada za watoto?" "Mimi nilikutoa kijijini!" "Baba akirudi." Msichana akikwama, mtu aseme simama, aingie badala yake, ajaribu jibu lingine.

Mara ya kwanza anayeigiza msichana huangalia sakafu na sauti humezwa. Mara ya nne anamaliza sentensi. Kinachotokea ni mazoezi, sawa na ya kwaya: ulimi unazoea njia kabla ya siku yenyewe. Badilishaneni pia, mwajiri halisi aigize msichana. Mama mwenye saluni alipofanya hivyo, aliambiwa "baba akirudi" mara mbili, akasema kwa hasira ya kweli, "Lakini mimi nimefanya kazi kwako, si kwa baba!" Kisha akakaa chini.

6. Anayeanza kulia si somo la darasa

Siku moja kisa cha kitabuni kitagusa jeraha la mtu aliyekaa pale. Simamisha mjadala. Usimlazimishe aendelee, wala usimzuie. Mtu mmoja anayemwamini atoke naye nje, akae naye, amwache aseme kwa maneno yake. Usimsahihishe, usiulize "kwa nini hukusema mapema". Akitumia neno la staha, uliza kwa upole anamaanisha nini, kama walivyofanya pale AICC.

Kusikiliza kwa namna hii hakuhitaji kuwa daktari. Kule Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye mawazo mazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini bibi wale walifundishwa, na walijua wakati wa kumpeleka mtu mbele. Wewe nawe jua: ubakaji na kipigo huenda hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto polisi; mtoto anayedhulumiwa, piga 116, ni bure; mwenye kusema anataka kujidhuru haachwi peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Afisa ustawi wa jamii wa eneo lako awe na namba kwenye simu yako kabla ya kikao cha kwanza.

Na sheria moja isiyovunjwa: hakuna picha, hakuna kurekodi, hakuna kupeleka kwenye kundi la WhatsApp.

7. Kisa kiishie ofisini

Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walionyesha kwamba watu wakiwa wengi mbele ya tukio, kila mmoja hudhani mwenzake atasaidia. Nyumba za kupanga za Kijenge zinalijua hili: ukuta mmoja, vyumba sita, wote wanasikia, hakuna anayegonga. Dawa ni kutaja mtu. Usiseme "tufuatilie". Sema, "Wewe, Jumatatu saa tatu, utaenda naye."

Waende wapi? Kwa madai ya kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Anayeanza hujaza fomu namba moja. Angalieni kalenda: malalamiko ya kuachishwa kazi yapelekwe ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Muda ukipita, itabidi uombe kwanza kuongezewa muda kwa sababu za maana. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kinawapokea wafanyakazi wa majumbani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Wa kwenu mtafuteni.

Msichana anaweza kusema, "Sina mkataba, nitathibitisha nini?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na asipoweza kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha yale masharti unamwangukia yeye mwajiri. Wasichana wengi hawalijui hili. Na mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa; huyo hatumdai mshahara tu, tunamtoa.

Mkiandika maelezo yake, rudini kwenye hatua ya tatu. Mtendaji akae mwanzo wa sentensi. Tarehe, kiasi, nani alikuwepo. "Nilianza kazi Februari. Tulikubaliana kiasi hiki. Amenilipa Februari na Machi. Hajanilipa Aprili, Mei na Juni." Ukurasa mmoja. Machozi yote mliyolia saluni hayana haja ya kuingia humo.

Ratiba ya dakika 90

Dakika 10 za salamu na kukumbushana siri za kikao. 25 za kusoma kwa sauti. 20 za maswali manne. 20 za igizo. 15 za mwisho ni za kazi: nani anakwenda wapi, lini, na wiki iliyopita aliyetumwa alifika? Muda ukiwa mfupi, punguza kusoma. Robo saa ya mwisho usiiguse.

Epukeni pia kuleta kisa cha jirani anayejulikana na kukiita hadithi. Huo ni umbeya wenye kitabu mkononi. Na mkumbuke kwamba hadithi haina upande. Mahakama ileile ya Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 watu wa redio na gazeti la Rwanda, waliotumia maneno kuwafanya majirani waonekane mende. Uliza kila mara kisa unachokisimulia kinamfanya nani aonekane mtu, na nani asionekane.

Mtauliza mama mwenye saluni aliishia wapi. Alinunua daftari. Mshahara wa kila mwezi wa yule dada wa kazi umeandikwa humo, na pembeni kuna saini mbili. Deni la nyuma amelipa nusu, nusu bado tunamdai, na anajua. Yule msusi aliyeuliza swali hana mkataba mpaka leo, na mwajiri wake ni huyohuyo mama. Hicho ndicho kisa cha Jumamosi ijayo.